Ninafundisha walimu wa yoga kwa watu wenye kiwewe: lugha ya amri nawaondoleaje?

MwalimuGungu (Kigoma)

Mwakeye ndugu zangu. Natafuta ushauri kwa waliowahi kufundisha walimu, sio kufundisha wanafunzi peke yake. Maelezo ni marefu, naomba mnivumilie.

Nafundisha yoga hapa Kigoma mjini, huu ni mwaka wa sita. Nilisomea Nairobi ile kozi ya ualimu wa yoga ya saa 200, nikarudi na cheti na mikeka minne ya mpira. Mwanzoni wanafunzi wangu walikuwa watu wa maofisini wenye maumivu ya mgongo. Baadaye nikaombwa kufundisha kikundi cha akina mama. Wengine ni wenyeji, wengine wana asili ya ng'ambo ya ziwa, na karibu wote wamepitia jambo zito: vita, kipigo cha nyumbani, kufiwa na watoto.

Kwenye kozi nilifundishwa kumrekebisha mwanafunzi kwa mikono. Msukume nyonga, mvute mabega, mkandamize kidogo azame zaidi. Hakuna siku niliyofundishwa kuuliza kwanza.

Sasa mwaka wangu wa pili, mwisho wa kipindi, wote wamelala chali. Alikuwepo mama mmoja wa makamo, muuza mawese. Nikapita miguu mitupu, nikapiga magoti nyuma ya kichwa chake, nikamkandamiza mabega taratibu yashuke kwenye mkeka. Hakusema kitu, hakutikisika. Nikajiambia, leo huyu kapumzika kweli. Kipindi kikaisha, wenzake wakakunja mikeka, yeye bado. Macho wazi, yanatazama mabati. Nilimwita mara tatu ndipo akageuka. Akavaa kandambili zake akaondoka, na hakurudi tena.

Miezi mitatu baadaye nilimkuta soko la Mwanga. Akanisalimia vizuri, akanipimia mawese, kisha akaniambia kwa heshima zote: "Mwalimu, siku ile mimi sikuwepo pale. Mikono ikitokea nyuma, mimi huondoka."

Nilidhani ametulia, kumbe ameganda. Tangu hapo simgusi mtu, na nimejifunza kwa kusoma na kwa kuuliza. Lakini sasa nimeombwa niandae wenzangu tisa, wanawake saba na vijana wawili wa kiume, wakafundishe kwenye vikundi vya mitaani kwao. Tuna Jumamosi nane, tumeshamaliza mbili. Mikono imeacha. Midomo ndiyo imenishinda.

Kila mmoja akisimama mbele anakuwa mwalimu wa mchakamchaka. Inua! Nyoosha! Fumba macho! Jiachie! Nikawaambia waweke "ukipenda". Wakaweka: "Ukipenda, fumba macho sasa." Na wanaofundishwa wanafumba wote, kwa sababu kwetu mwalimu akisema, umesema nini tena wewe? Tangu darasa la kwanza tumefundishwa kuitikia "ndiyo mwalimu". Nimesoma kwamba shina la mafunzo haya ni mtu kuchagua mwenyewe. Mtu anachaguaje mahali ambapo kumkatalia mwalimu ni utovu wa adabu?

La pili. Jumamosi iliyopita mmoja wa hao tisa alitoka nje katikati ya zoezi la kupumua, nikamkuta amekaa chini ya mwembe analia. Ana yake aliyoyapitia, na hakutaka kuyasema. Je, niendelee naye au nimpumzishe? Ni mwalimu mzuri, na naogopa kumuumiza kwa njia zote mbili.

Muuguzi_Ipuli (Tabora)

Mwangaluka mwanangu. Mimi ni muuguzi mstaafu, miaka yangu mingi ya mwisho nilikuwa afya ya akili. Yoga nilijifunza uzeeni kwa ajili ya magoti yangu, nikaona inafaa na wagonjwa niliokuwa nawatunza. Nakujibu kwa urefu kwa sababu swali lako limenigusa.

Kwanza yule mama wa mawese. Ulichokiona kina maelezo ya mwili, na walimu wako tisa wayajue kabla ya mkao wowote. Mwili ukiona hatari una njia zake: kupigana, kukimbia, na pale ambapo viwili hivyo haviwezekani, kuganda. Aliyewahi kushikiliwa chini asiweze kupigana wala kukimbia, mwili wake umeikariri njia ya tatu. Ukimgusa kwa nyuma hauulizi wewe ni nani, unaganda kwanza. Kwa hiyo mwalimu asiamini utulivu kwa macho tu. Atazame: anapumua vipi? Vidole vya mikono vimelegea au vimekaza? Akiitwa anageuka? Aliyepumzika kweli hujikuna, humeza mate, huvuta kanga. Aliyeganda mara nyingi hafanyi lolote kati ya hayo.

Kuhusu kuchagua, hujasoma vibaya. Njia hii ya yoga kwa watu wenye kiwewe ilitengenezwa huko Brookline, Massachusetts, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na David Emerson na wenzake waliokuwa wakifanya kazi na daktari wa akili Bessel van der Kolk. Mwaka 2014 walichapisha utafiti wa wanawake 64 ambao kiwewe chao kilikuwa cha muda mrefu na matibabu ya kawaida hayakuwa yamewatosha. Kundi moja lilifanya yoga saa moja kwa wiki kwa wiki kumi, kundi la pili lilipata masomo ya afya ya wanawake kwa muda ule ule. Mwishoni, katika kundi la yoga 16 kati ya 31 waliopimwa hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa wa kiwewe. Katika kundi la pili walikuwa 6 kati ya 29. Waambie walimu wako namba hizo zote mbili. Waambie na hili pia: yoga iliongezwa juu ya matibabu, haikuchukua nafasi yake. Kwenye kundi la yoga lenyewe wapo karibu nusu ambao ugonjwa ulibaki.

Sasa mdomo. "Ukipenda" peke yake ni amri iliyovalishwa kanga. Mtu anasikia "fumba macho" na anafumba. Chaguo huwa chaguo pale vitu viwili vinapowekwa mezani na vyote viwili vina heshima sawa. Na kwa watu wetu, kile kidogo kitangulie. Usiseme "fumba macho, au ukishindwa yaache wazi", kwa sababu hapo umeshamwambia anayeacha wazi kwamba ameshindwa. Sema: "Macho yanaweza kubaki wazi, yatazame sakafu mbele ya mkeka wako. Anayetaka kuyafumba, afumbe." Usiseme "inua mikono". Sema: "Mikono inaweza kubaki mapajani, au ikapanda mpaka kifuani, au juu zaidi." Kisha, na hapa ndipo walimu wengi wanapokosea, mwalimu mwenyewe afanye kile kidogo. Wanafunzi wetu hawasikilizi mdomo wa mwalimu, wanatazama mwili wake. Akisema mna uhuru huku mikono yake ipo darini, wote watapandisha darini.

Zoezi nililowapa wauguzi vijana ni hili. Wakae wawili wawili. Mmoja afundishe dakika tano, na mwenzake amewekewa sharti: lazima akatae mara tatu, bila kutoa sababu. "Hapana, hili silifanyi." Kazi ya anayefundisha ni kuitikia "sawa" na kuendelea kwa sauti ile ile, asiulize kwa nini, asimsifu, asimbembeleze. Utashangaa nani anapata tabu. Anayekatazwa kuuliza "kwa nini" anatoka jasho, na anayetakiwa kukataa anacheka kwa aibu, anaomba radhi, wengine wanashindwa kabisa. Hapo ndipo mafunzo yako yanapoanza. Mwalimu ambaye yeye mwenyewe hajawahi kusema hapana mbele ya mtu anayemheshimu hawezi kumwachia mwanafunzi nafasi ya kuisema.

Pumzi. Ni kweli kwamba kutoa pumzi ndefu kuliko uliyoivuta hupunguza mapigo ya moyo, neva ya vagasi ndiyo inayofanya kazi hiyo. Lakini kushikilia pumzi, kuhesabu kwa amri, kuziba pua, hayo yaache kabisa kwa kundi hili. Aliyewahi kukabwa au kuzama akikosa hewa hata kidogo, mwili unakumbuka. Mwanzoni hata kumwambia mtu "isikilize pumzi yako" ni kumpeleka kifuani, na kifuani ndiko hofu inakokaa. Anza na nyayo kwenye sakafu. Nyayo ziko mbali na moyo.

Kuhusu huyo aliyetoka nje, usimwondoe. Kutoka nje ndicho kitu unachotaka kuwafundisha wote tisa! Amekuonyesha kwamba anaijua njia. Mwite faragha, mwambie hana deni la kukusimulia. Muulize anataka kuendelea vipi: akae karibu na mlango, afanye nusu, atazame tu. Ila asianze kufundisha waliopitia magumu kabla hajapata mtu wake wa kuongea naye, na mtu huyo asiwe wewe. Wewe ni mkufunzi wake, na ukijifanya mtabibu wake atakosa vyote viwili. Kabla ya Jumamosi nane kuisha, kila mmoja wao awe na namba ya muuguzi au daktari wa afya ya akili hospitalini, na ajue dawati la jinsia na watoto la polisi liko jengo gani. Mwanafunzi akisema jambo zito, mwalimu asikilize, ashukuru kuambiwa, ampeleke. Asichimbe.

BintiUjiji

Dada, shikamoo kwako na kwa mama wa Tabora. Mimi ni mwanafunzi tu, sio mwalimu, lakini nina la kusema kutoka upande wa mkekani.

Ule mkao wa mwisho mwalimu wetu alituambia kwa Kiswahili unaitwa mkao wa maiti. Ndivyo unavyoitwa kwa Kisanskriti, lugha ya huko yoga ilikotoka, sawa, lakini ukumbini tulikuwa wanawake kumi na nne na sidhani kama yupo ambaye hajawahi kukaa kwenye mkeka msibani. Tukalazwa chali, miguu imenyooka, kisha akapita anatufunika kanga tusipate baridi. Jirani yangu alifunikwa mpaka kidevuni. Akainuka kama aliyechomwa, akasema, "Mimi sijafa." Hakuna aliyecheka.

Waambie walimu wako wasilitafsiri jina hilo. Kanga mtu apewe mkononi, ajifunike mwenyewe. Na "lala chali" kwa mwanamke mbele ya kijana wa kiume, hata kama ni mwalimu mwenye adabu zake, ni neno zito sana. Kwa nini isiwe kulala ubavu, au kukaa umeegemea ukuta? Mimi ukutani ndipo ninapopumzika. Najua nyuma yangu hakuna mtu.

Na "jiachie"! Jamani. Wako wanawake waliambiwa neno hilo na watu wabaya. Litolewe.

KochaKatubuka

Nakubaliana na waliotangulia. Mimi nafundisha vijana mpira, na mazoezi ya kunyoosha nayatumia kwa wavuvi pia, wale wa usiku wenye mabega yaliyokaza kwa kuvuta nyavu za dagaa.

Siku moja baada ya mazoezi nikawaambia wakae, wafikirie wapo ziwani, maji yametulia, mawimbi yanawabembeleza. Nilisikia mahali wanafanya hivyo, wanataja bahari. Watu wangu watatu wakasimama. Mmoja alipoteza ndugu yake kwa dhoruba, mtumbwi ulirudi mtupu. Mwingine alivuka akiwa mtoto mwaka 1996 kutoka upande wa Kongo, usiku, wamejazana, na anasema bado anasikia mama yake akiwaambia wanyamaze. Kwa mgeni Tanganyika ni mandhari. Kwetu ni kazi, ni njia, na ni kaburi la watu.

Tangu hapo sipeleki mtu popote kwa mawazo. Nawaambia watazame kitu kilichopo hapo hapo: goli, mti, kamba ya kiatu.

Swali kwako dada: hao vijana wawili wa kiume utawapa vikundi vya wanaume? Kwetu wanaume wanahitaji sana, ila hawaji wakisikia neno yoga. Mimi nasema "mazoezi ya mgongo", na nafafanua mapema kwamba hakuna sala wala maneno ya dini yoyote ndani yake, ili shehe na mchungaji wasisikie kwa watu wengine kwanza.

Kasulu_Mhamasishaji

Fupi tu. Nimefanya kazi na vikundi kwa miaka kadhaa, vikiwemo vya watu waliopita Kagunga mwaka 2015, wakati ule maelfu ya Warundi walipobanana kwenye kile kijiji cha ufukweni, mlima nyuma na ziwa mbele, kipindupindu katikati yao, wakisubiri zamu ya kupanda meli ya Liemba kuja Kigoma mjini. Watu hao wamepangwa foleni, wamehesabiwa, wameambiwa kaa, simama, kunja mikono, onyesha karatasi. Ukiwapanga mikeka kwa mistari iliyonyooka na ukapita katikati unawatazama, umeshawarudisha kule. Panga mduara usio kamili, uwe na mwanya upande wa mlango.

Na posho. Kama kuna nauli au sabuni inayotolewa mwisho wa kipindi, hakuna chaguo hapo, hata mwalimu aongee kwa upole wa namna gani. Mama mwenye watoto watano hawezi kutoka nje akiumia wakati sabuni inagawiwa saa nne na nusu. Toeni mlangoni wakati wa kuingia, kabla ya mkao wa kwanza, na mseme wazi: anayeondoka sasa hivi anaondoka nayo.

MwalimuGungu (Kigoma)

Shikamoo mama wa Ipuli. Asanteni wote, nimesoma kila neno mara mbili, na jana nimeyajaribu.

Nilianza na simu. Nilimrekodi kila mmoja dakika tatu, tukasikiliza pamoja na kuhesabu amri kwa punje za maharage kwenye sahani. Mmoja alifikisha punje 31. Aliziangalia zile punje muda mrefu, kisha akasema, "Hivi ndivyo ninavyoongea na wanangu."

Zoezi la kukataa lilichukua saa nzima, nilikuwa nimelipangia dakika ishirini. Wanne walishindwa kabisa mara ya kwanza. Walikuwa wanasema "labda baadaye", "ngoja kidogo", "goti linaniuma". Tukakubaliana goti lisisingiziwe. Dada mmoja wa Kibirizi, mpole, sauti hata haisikiki, alipofika zamu yake alinyamaza, kisha akasema kwa Kirundi cha bibi yake, "Oya." Basi. Mwenzake akajibu "sawa" na kuendelea na mabega. Yule dada akabaki amekaa anatazama mikono yake, na baada ya muda akaanza kuisogeza mwenyewe, bila kuambiwa na mtu.

Nimegundua kitu kuhusu mimi mwenyewe nilipokuwa nawatazama. Nilikuwa nawaamrisha waache kuamrisha. "Usiseme inua!" nawakatiza katikati ya sentensi. Wananiigiza mimi, sio maelezo yangu. Kwa hiyo nusu ya pili nilikaa kimya, na anayefundisha ndiye aliyechagua kama anataka maoni, na kutoka kwa nani. Watatu walisema hawataki. Iliniuma kidogo, nikasema sawa.

Yule aliyelia chini ya mwembe nimeongea naye. Anaendelea. Amechagua ukutani, upande wa mlango, na amesema kufundisha atasubiri. Nimempa namba ya muuguzi. Hajaniambia kama atapiga, na sijamuuliza.

Kocha, ndiyo, vijana wale watashika vikundi vya wanaume, naomba wakutembelee mazoezini. Binti Ujiji, jina la mkao limefutwa, sasa tunasema "mapumziko", na kanga zinakaa kikapuni, anayetaka anachukua. Wa Kasulu, la posho sikuwa nimeliona hata kidogo. Nauli tulikuwa tunatoa mwisho, baada ya kusaini. Kuanzia Jumamosi ijayo ni mlangoni.

Na tunaanza na viti. Nimeazima viti kumi na viwili vya plastiki, kila mkao tutaufanya kwanza kwenye kiti, kwa ajili ya wasiotaka kulala chini kabisa.

Muuguzi_Ipuli (Tabora)

Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kukaa kimya. Hiyo ni ngumu kuliko mikao yote.

Kabla ya viti, niambie kitu kimoja. Mlango wa huo ukumbi unafungukia ndani au nje? Na komeo liko wapi?

MwalimuGungu (Kigoma)

Unafungukia ndani, mama. Komeo liko kwa nje. Mlinzi hulifunga tukishaanza, ili watoto wa mtaani wasituchungulie, na akishalifunga huwa anaenda kunywa chai.

Miaka sita, sijawahi kuliwaza hilo. Nipo njiani kwenda kuongea naye sasa hivi.